Tanki la Madamu Penina

Vijana wangu wa karakana, siku mliponiaga mlinipa blanketi zuri na soda ya moto, kisha mkaniomba niwaandikie kuhusu kazi ya matanki ya akiba, maana mlisema ninaondoka na mambo mengi kichwani. Nimeanza leo kwa sababu mvua imekamata Kigali tangu asubuhi na sina pa kwenda. Habari za mshahara sitaandika. Aliyelipa na aliyelipwa wote wanazijua. Wala sitaandika nani alipandishwa cheo lini. Karakana yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, fundi, na aliyekipata asubuhi aliweza kukipoteza kabla ya chakula cha mchana.

Nilikuja Nyamirambo, mtaa wa hapa Kigali, nikiwa msichana anayejua kuchomelea madirisha. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, lakini nilizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, na huko ndiko niliposomea ufundi katika chuo kidogo tulipokuwa tukitengeneza vitanda vya shule na mageti. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa bibi. Kiswahili changu nacho, kwa masikio ya Nyamirambo, kilikuwa kichekesho. "Huyu dada anaongea kama redio," walisema. Mimi nilisema dizeli, wao mazutu. Nilisema petroli, wao lisansi. Na mchana mtu akiniambia twende kura, mwaka ule wa kwanza nilijiuliza ni uchaguzi gani huo usiokwisha, kumbe ni chakula.

Aliyenipokea ni Mzee Rajabu, mzaliwa wa Biryogo, mtu mfupi asiyevua kofia yake ya kufuma hata akiwa chini ya gari. Ngozi ya mikono yake, kuanzia viwiko kushuka, ilikuwa inang'aa kama plastiki. Sikuuliza. Aliniambia mwenyewe siku ileile ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha choo kilipo.

"Hii ni kazi ya tanki tupu. Tanki iko na mafuta, inawaka, unakimbia. Tanki iko tupu, inapasuka, hukimbii. Tanki tupu ndiyo imejaa, binti yangu. Imejaa hewa ya mafuta."

Kisha akanipa nyundo ya mbao, akanionyesha matanki makuukuu yaliyopangwa ukutani, akasema niyagonge. Nikamuuliza niyagonge mpaka lini. Akasema mpaka yaanze kujibu. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Niligonga asubuhi nzima huku mafundi wengine wakiniomba nipige ngoma ya harusi. Aliporudi kutoka msikitini alasiri, aliniuliza lipi lina kutu ndani, lipi limezibwa kiraka, lipi lina kuta za kuligawa ndani. Nilikosea karibu yote isipokuwa lile la kiraka. "Rudi kesho," akasema, na hiyo ndiyo barua pekee ya ajira niliyowahi kupata.

Kwa walioingia karibuni nieleze kidogo. Nchi yetu unaivuka kwa nusu tanki, ukipenda unarudi kwa nusu iliyobaki. Kwa hiyo anayekuja na pikapu akitaka tanki la pili nyuma, kwenye bodi, ni mmoja wa watu watatu. Wa kwanza anakwenda mbali, Tanzania ya ndani au Sudani Kusini. Wa pili anapelekea mazutu mashine zisizoweza kwenda kituoni, kama zile za kuchimba barabara na matuta. Wa tatu hasemi anakwenda wapi. Huyo wa tatu Mzee Rajabu alimwambia kila mara kwamba drili imeharibika. Drili ile iliharibika mara nyingi kuliko drili yoyote niliyowahi kuiona.

Karibu wote huja na tanki lililotumika, limetolewa kwenye lori lililokufa. Si vibaya. Chuma cha zamani ni kinene. Lakini tanki lililotumika ni kama mjane au mgane anayefunga ndoa tena: ana historia, na si lazima akusimulie yote. Kwa hiyo linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, linamwagwa, linaoshwa tena, halafu linajazwa maji mpaka karibu na mahali panapochomelewa, mdomo ukiwa wazi. Hapo ndipo moto unaruhusiwa kusogea. Likiwa tayari linakaa mbele ya bodi, karibu na kabini, lisiegemee nyuma ya ekseli likainua pua ya gari mlimani. Chini yake unaweka vipande vya mpira. Boliti zinapita hadi kwenye fremu, haziishii kwenye bati la bodi, maana bati la bodi linashika tanki kama karatasi inavyoshika jiwe. Unafunga waya kutoka kwenye tanki kwenda kwenye fremu ili cheche za umeme zisizaliwe wakati wa kujaza. Unaweka bomba la kupumulia, na koki unayoweza kuifunga kwa mkono mmoja ukiwa umeogopa.

Na kuta za ndani, zenye matundu, msizidharau. Mafuta yaliyojaa nusu hukimbia. Kwenye kona za milima yetu, dereva anakata kushoto, mafuta yanaendelea kwenda kulia, na pikapu inalazimika kuchagua upande.

Mzee Rajabu alinifundisha haya kwa miaka mingi, bila kunisifu hata siku moja. Kifua kilipoanza kumsumbua alikaa nyumbani kwake Biryogo, na jirani mmoja wa karakana akawa anampelekea habari za kazi zetu. Alizikosoa akiwa kitandani mpaka alipofariki. Tulimzika mchana wa Ijumaa, mafundi wote tukiwa na kucha chafu.

Baada yake nilifanya kazi na Bosco. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mchomeleaji mzuri kuliko mimi, nalisema hilo bila kuumia. Mshono wake ulikuwa umepangika kama magamba ya samaki, na alichomelea akiimba kwa pua. Mtu mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kuanza, na hapo kwenye kuanza ndipo tulipogombana. Mimi, kama nilivyofundishwa, hata tanki likishajazwa maji nililigonga pande zote kabla ya moto. Bosco aliita jambo hilo sala ya Adela.

"Adela, sha, maji yamejaa, unataka tanki iseme nini tena? Amina?"

"Ikisema amina utachomelea."

Basi tukaendelea hivyo, yeye akicheka, mimi nikigonga.

Madamu Penina alitujia mwishoni mwa juma moja, akiendesha pikapu mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyekulia Uganda, na Kiswahili alikizungumza kama mtu anayevuka barabara yenye pikipiki nyingi. Alikuwa ameuza kibanda chake cha vitenge Kimironko, akanunua pikapu, akapata kazi ya kupeleka mazutu kwa mashine zilizokuwa zikichimba matuta kusini. Mumewe alikuwa mgonjwa wa figo, hafanyi kazi tena. Jumatatu mashine zingemngoja; asipofika, kazi ingepewa mwingine. Hayo yote alitueleza kabla hajazima injini.

Nyuma ya pikapu alikuwa amelaza tanki refu la chuma alilouziwa na mtu wa vyuma chakavu. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, mpya.

"Yule mzee amesema ilikuwa ya mazutu tu," alisema. "Ameapa."

"Wote wanaapa, Madamu," nikamwambia. "Tutaliosha kama vile hakuapa."

Tuliliosha. Ndani, kwa tochi na kioo kidogo cha kunyolea, tuliona kuta mbili zenye matundu, safi, na mwisho wa tanki ukiwa bati zima kama inavyotakiwa. Bosco alifurahi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchomelea miguu minne ya kulikalisha, miwili kila mwisho. Tukalilaza juu ya magogo, tukaweka mpira wa maji mdomoni. Lilijaa, na nakumbuka Bosco alisema limejaa upesi. Nami nikasema presha ya maji leo ni nzuri. Watu wawili wenye akili timamu tukakubaliana na jambo hilo, Nyamirambo, ambako maji yalikuwa yakitoka matone matone, kama machozi ya mamba.

Bosco akavuta kebo, akavaa kofia ya kuchomelea, akaiacha juu ya paji la uso. Akabana kijiti cha kuchomelea kwenye kishikio, akapiga magoti kwenye ncha ya nyuma ya tanki, mguu wa kwanza ukiwa umeshikiliwa mahali pake kwa kibanio. Nami nikaanza sala yangu upande wa mbele.

Tanki lililojaa maji halina sauti. Ukiligonga ni kama kugonga mfuko wa saruji. Nikagonga mbele, kimya. Katikati, kimya. Nikasogea nyuma, nikanyoosha mkono juu ya kichwa cha Bosco, nikagonga. Likalia.

Sikuelewa mara moja. Nikagonga tena, na safari hii lilia wazi, kama debe. Bosco alikuwa tayari ametikisa kichwa, kofia ikaanguka usoni kama kawaida yake, na mkono wake ukaanza kushuka.

"Bosco, acha!"

"Buretse, ngoja kidogo, nashika tu mguu—"

Nilimpiga begani kwa goti. Si kwa ujuzi wowote, ndicho kiungo kilichokuwa karibu. Akaangukia ubavu, kijiti kikagusa sakafu mbali na tanki, kikarusha cheche moja ya bluu kwenye zege. Nikakimbia ukutani nikazima mashine. Niliporudi alikuwa amekaa chini, kofia imepinda, ananitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Umekuwa kichaa?"

"Gonga mwenyewe."

Nikampa nyundo. Akagonga katikati. Akagonga nyuma. Akagonga tena nyuma, polepole, akishuka mpaka karibu na chini, na pale chini sauti ikafa ghafla. Alielewa upesi kuliko mimi. Kulikuwa na chumba ambacho maji yetu hayakufika, na ndani ya chumba kile kulikuwa na kitu majimaji kisichojaa hadi juu. Lile bati zima tuliloliona kwa kioo halikuwa mwisho wa tanki. Mwisho wa kweli ulikuwa karibu mkono mzima nyuma yake.

Madamu Penina, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na chupa ya chai, aliuliza, "Kuna shida?" Kisha akaamka akaja.

Tulizima umeme wa karakana yote, tukawafukuza waliokuwa wakivuta sigara getini. Bosco alilala chali chini ya tanki, akakwangua rangi ya kijivu kwa kisu cha mbao. Chini ya rangi kulikuwa na lami, na chini ya lami kulikuwa na kizibo cha nati, kidogo, kilichopakwa grisi. Tukakifungua kwa mkono na spana ya shaba. Kikalegea. Kikatiririka kitu cheupe, safi kama maji ya mvua, kikaingia kwenye beseni, na harufu yake ikapanda mpaka machoni.

"Ni kanyanga," Bosco alisema kutoka chini. "Yesu wangu, ni kanyanga."

Kwa msomaji asiye wa huku, kanyanga ni pombe kali ya kienyeji, imepigwa marufuku, na anayekamatwa nayo hapigwi faini akaenda zake. Huletwa kwa njia za panya kutoka mpakani. Mtu fulani alikuwa amejenga ukuta wa uongo ndani ya tanki la mafuta ili aivushe, kisha, kwa sababu nisizozijua, tanki likauzwa na mzigo wake. Kwa moto wetu, pombe ya namna ile iliyofungiwa ndani ya chuma haina tofauti na lisansi. Bosco alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Madamu Penina aliinama, akanusa, akashika kichwa. "Banange! Mimi nimeokoka. Mimi ni shemasi kanisani. Mimi nimebeba hii kitu mchana, barabara kubwa, nikisalimia polisi!"

Bosco alitoka chini ya tanki. Uso wake ulikuwa na rangi ya ile rangi ya kijivu.

"Tumwage," alisema. "Tumwage kwenye mfereji, tukate hiyo ukuta, tuchomelee, Madamu aende. Nani atajua?"

"Nyamirambo nzima itajua," nikasema. "Mfereji unapita mbele ya msikiti."

"Basi tupeleke mbali."

"Kwa gari gani? Ya nani? Tukikutwa nayo njiani tutasema tulikuwa tunaitupa?"

Tuligombana pale kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Bosco alisema polisi watachukua tanki, na mama huyu atapoteza kazi kwa kosa lisilo lake. Ilikuwa kweli. Mimi nilisema tukificha, kosa litakuwa letu. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Mwishowe tulimtazama mwenye tanki. Alikuwa ameshika simu, hajampigia mtu.

"Nikisema, Jumatatu yangu imekufa," alisema. "Nikinyamaza, huyo mtu atauzia mwingine tanki kama hii. Na huyo mwingine fundi wake hatagonga." Alimtazama Bosco, si mimi. "Wewe uko na watoto?"

"Wawili."

"Mimi watatu. Mwiteni mkuu wa mudugudu."

Mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, alikuja na kandambili miguuni, akanusa, akapiga simu. Polisi walikuja, wakauliza maswali kwa utaratibu, wakauliza tena yaleyale kwa mpangilio mwingine. Walimkuta kila mmoja wetu anasema jambo moja. Wakapakia tanki na beseni kwenye gari lao. Kabla ya kuondoka, mmoja wao, kijana, alimwuliza Bosco mguu ule wa chuma uliobanwa pale nyuma ulikuwa wa nini. Bosco akamweleza. Yule kijana akatazama mguu, akatazama kijiti kilichokuwa bado sakafuni, akasema, "Pole, muze." Hakuandika hilo popote.

Madamu Penina hakupoteza Jumatatu yake. Tulimtafutia mapipa, tukayafunga kwa mikanda na vyuma, tukamwekea pampu ya mkono. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya aibu kwa fundi wa matanki. Alipampu mwenyewe huko kusini, kwenye matope, na wenye mashine walimlalamikia kila siku kwa uchelewaji. Lakini hawakumfukuza. Alinipigia simu jioni ya kwanza kuniambia mikono yake imevimba, na kwamba amefika.

Bosco ndiye hakufika. Nina maana alikuja kazini asubuhi ile, akavaa aproni, akanywa chai, akasimama mbele ya geti la kawaida kabisa lililohitaji mshono mfupi. Akashusha kofia usoni. Akaipandisha. Akaishusha tena. Kisha akaliacha geti bila kuligusa. Alisema hakulala vizuri. Kesho yake alisema macho. Siku ya tatu alichukua grainda akawa ananoa visu vya majirani. Mzee Rajabu angejua la kusema, pengine angemtukana kidogo. Mimi niliona tu kwamba ameacha kuimba.

Mwisho wa juma alinifuata nikiwa nanawa mikono kwa mazutu na sabuni.

"Adela, nikishusha kofia kuna giza, unajua? Sekunde ile kabla ya moto. Zamani ilikuwa giza tu."

"Na sasa?"

"Sasa nasikia ile sauti. Debe."

Nikamwambia itapita. Akasema labda. Akaniachia kofia yake ya kuchomelea juu ya benchi, akaenda kufanya kazi kwa shemeji yake, karibu na soko la Nyamirambo, kuchoma burusheti, yaani mishikaki, za mbuzi. Watu walimtania kwamba ameacha moto akakimbilia moto. Alijibu kwamba huu mwingine haujafungiwa ndani ya kitu. Nilikula kwake mara nyingi. Nyama yake ilikuwa nzuri, na alikuwa akiipanga kwenye kijiti sawasawa, vipande vyote ukubwa mmoja. Hatukuzungumza habari za karakana.

Yule mwuzaji wa vyuma chakavu alipatikana, na aliyemwuzia yeye naye akapatikana. Mambo yao yako kwa waliohusika, si kwangu. Baada ya muda mrefu Madamu Penina akaambiwa anaweza kuchukua tanki lake. Wengine wangeliacha. Yeye alikuja nalo karakanani, tupu, kavu, limeandikwa namba kwa chaki.

"Nilinunua," alisema. "Itafanya kazi."

Vijana niliokuwa nao wakati ule hawakutaka kuligusa. Mmoja alisema lina pepo. Nikamwambia pepo nimemwona, anauzwa kwa glasi. Hata hivyo sikumlazimisha, maana mtu anayechomelea kwa hofu hutoboa. Nililitoboa kwa drili ya mkono, nikiwa nimelijaza maji vyumba vyote viwili, kisha nikaukata ule mwisho kwa msumeno, polepole, kama Mzee Rajabu alivyokuwa akikata. Iliniuma mgongo kwa wiki nzima. Nikautoa ukuta wa uongo. Niliukuta umechomelewa vizuri sana, kwa mkono wa fundi hasa, na hilo lilinikera kuliko kanyanga yenyewe.

Baada ya hapo tanki lilikuwa wazi upande mmoja, kama sanduku. Nililiosha nikaliacha juani. Ulibaki mshono mmoja, mrefu, wa kurudisha bati la mwisho. Mshono wa namna hiyo ukivuja, mwenye gari anaugundua kwenye mteremko. Macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka, lakini ningeufanya. Nilikuwa nimeshaweka bati mahali pake nilipoona mtu amesimama getini na aproni yenye mafuta ya mbuzi.

"Madamu amekula kwangu jana," Bosco alisema. "Ameniambia."

"Ameambia Kigali yote."

Aliingia. Alizunguka tanki, akaingiza kichwa ndani kwenye ule uwazi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa na mwangwi. "Safi," alisema. Akatoa kichwa. "Umegonga?"

"Liko wazi, Bosco. Nigonge nini?"

"Gonga."

Nikachukua nyundo nikaligonga pande zote, mbele ya vijana wangu, tanki tupu lililo wazi kama mlango wa kanisa. Lililia kila mahali, sawa kila mahali, kama linavyopaswa. Bosco alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akaomba kofia.

Aliishusha usoni, akakaa. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe kwa kuwa zake sikuzisikia. Mkono ulitetemeka, nikaona, na ukaendelea kutetemeka. Hakungoja utulie. Aligusa chuma na mkono uleule, na moto uliposhika, ukatulia. Alikwenda upande mmoja, akageuza, akaenda wa pili, wa tatu. Vijana waliacha walichokuwa wakifanya. Hakuimba. Alipofunga mshono wa mwisho na kupandisha kofia, jasho lilikuwa limemlowesha hadi kifuani, na mshono ulikuwa umepangika kama zamani, isipokuwa kipande cha mwanzo, ambacho kilikuwa kimepinda kidogo. Alitaka kukisaga. Nikamkataza.

Tulilijaribu kwa maji, halikutoa jasho. Tukalifunga kwenye pikapu, mipira chini, boliti hadi kwenye fremu, waya, bomba la kupumulia, koki. Bosco alishika spana mpaka mwisho, akakataa chai. Madamu Penina akaleta mazutu ya kwanza, akamimina yeye mwenyewe, akinong'ona sala kwa Kiganda. Bosco akapiga magoti kwenye ncha ile ya nyuma, akapitisha kiganja chake chini ya mshono, kutoka kona moja hadi nyingine, akakaa nacho pale huku mafuta yakipanda ndani.

Akakitoa, akakitazama, akakinyanyua juu ili sote tukione. Kilikuwa kikavu.

"Haya," alisema, akifunga tena kamba za aproni yake. "Mbuzi ananingoja."